Kisiwa Kilichotoka Motoni na Mashua ya Nyangumi

Wewe uliyezaliwa upande wa Bukama, ao uliyesafiri hata siku moja juu ya Lualaba, unajua balenieri. Ni ile mashua kubwa ya mbao yenye motere nyuma, inayojazwa watu, mbuzi, magunia ya samaki wakavu na ya mihogo, mpaka maji yanakaribia kuingia ndani. Mimi nilipanda balenieri mara ya kwanza nikiwa mgongoni mwa mama. Nilitaja neno lile miaka zaidi ya thelathini bila kujiuliza linatoka wapi. Nilipata kujua maana yake mwaka wa 2019, mbali na kwetu, kwenye ziwa Kivu, siku tuliyopelekwa kutembelea kisiwa kidogo. Tangu siku ile neno hilo halikuniacha na amani. Nataka nikueleze sababu, maana habari hii inagusa nyumba zetu hapa Buluo. Inagusa hata mabati ya kanisa ninalolichunga.

Sababu ya safari

Mwezi wa nane mwaka ule wachungaji wa makanisa mbalimbali tulialikwa Goma kwa mkutano wa siku tano. Kanisa lilinilipia tikiti ya ndege kutoka Lubumbashi. Tikiti ya pili nililipa mwenyewe, kwa kukopa, kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu aliyekufa. Sitataja jina lake. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha masomo katika mwaka wa tano wa sekondari, akaingia katika mashimo pamoja na wakreseri wengine. Mama yake alikuja kwangu usiku, akaketi karibu na mlango, hakutaka hata chai.

Akaniambia: "Yaya Pasta, umutoshe huku hata posho moja tu. Mutoto anaisha. Halali, haseki, hasemi na mutu."

Nilipomwambia kijana habari ya safari, hakufurahi kama nilivyofikiri. Alisema: "Baba mukubwa, siwezi kuenda. Niko na deni ya patro." Nilimjibu kwamba deni litangoja siku kumi. Sikumuuliza ni deni gani. Msomaji, ushike neno hili: sikumuuliza. Mimi ambaye kila Siku ya Mungu ninawauliza watu habari za mioyo yao, sikumuuliza mtoto wa nyumba yangu anadaiwa nini.

Juu ya maji

Siku ya mwisho ya mkutano mkristo mmoja wa kanisa lililotukaribisha alitulipia matembezi ya siku moja kwenye kisiwa cha Tchegera. Kisiwa hiki ni cha Mbuga ya Virunga, ile mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1925, na wakati ule ilikuwa imefunguliwa tena kwa wageni tangu mwezi wa pili. Kabla ya kupanda boti tulinawa mikono na maji ya klore, tukapimwa joto kwenye paji la uso, kwa sababu mwezi mmoja mbele yake Ebola ilikuwa imeonekana mjini Goma. Tulikuwa watu kumi na wawili. Aliyetuongoza alikuwa mtu wa umri wangu, mzaliwa wa Goma, mwenye sauti ya polepole.

Hewa ilikuwa safi. Nyuma yetu tuliona Nyiragongo, mlima wenye urefu wa karibu metre 3 470, moshi mweupe ukitoka kichwani mwake kama moshi wa jiko la mama. Upande wa kushoto wake alikaa ndugu yake Nyamulagira. Sisi watu wa Likasi tumezoea milima iliyofanywa na watu, milima ya udongo uliotolewa chini. Kuona mlima unaopumua wenyewe, hilo ni jambo lingine.

Tulipitana na mashua kubwa ya mbao, imejaa watu na mizigo. Furaha ikanishika, nikapiga kelele: "Tazameni, balenieri kama ya kwetu Bukama!"

Kati yetu alikuwamo mchungaji mmoja mzee kutoka Tanga, kule Tanzania, aliyefundisha historia shuleni kabla ya kuingia kazi ya Bwana. Akanigeukia: "Samahani, ndugu yangu, umeiita nini?"

Nikamrudilia neno lile. Mwongozi wetu akacheka, akaeleza: "Hiyo ni Kifaransa, baba. Baleine ni ule munyama mukubwa wa bahari, nyangumi. Baleinière ni mashua ya kuwindia nyangumi."

Wote tukacheka. Tangu lini nyangumi alionekana Lualaba? Mmoja akasema pengine ni yule aliyemmeza Yona, alipotea njia akafika Bukama. Mzee wa Tanga hakucheka sana. Alisema: "Kwetu nyangumi wapo kweli. Miezi kama hii, kuanzia wa saba mpaka wa tisa, hupita karibu na Zanzibar na pwani ya Kenya. Hutoka katika bahari ya baridi kule kusini, huja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya moto. Na zamani, ndugu zangu, watu walikuja kuwaua."

Ndipo akatueleza habari ya mashua ile. Ilikuwa nyepesi, imechongoka mbele na nyuma, ili iweze kwenda mbele na kurudi bila kugeuzwa. Watu sita waliingia ndani: watano wa kupiga makasia, mmoja wa kuongoza. Walimkaribia mnyama aliye mkubwa kuliko nyumba, wakamchoma kwa chusa chenye kamba, naye akawaburuta baharini mpaka achoke. Mashua ya namna hiyo ilionekana kuwa nzuri kwa kazi nyingi. Hivyo wazungu wa Serikali ya mfalme Léopold II walipokuja kupanda mito yetu, walileta nao mashua za namna hiyo, nyingine za chuma, na jina likabaki midomoni mwa babu zetu. Nyangumi hakufika Kongo. Mashua yake ilifika.

Mdomo wa mlima uliokufa

Kisiwa cha Tchegera, ukikitazama kutoka juu, kinafanana na herufi C. Ni mdomo wa volkano ya zamani. Mlima wenyewe umezama, na ukingo mmoja tu wa shimo lake ndio umebaki juu ya maji. Ule mkono wa ziwa ulio ndani ya C ni tumbo la volkano lililojaa maji. Mawe ni meusi, mepesi, yenye matundu kama mkate. Majani yanaota juu yake, na ndege wa maji wanakaa kwenye mawe wakikausha mabawa yao.

Mwongozi alituketisha chini, akasema: "Hapa tuko juu ya mudomo ya moto. Uliwaka, ukazimika. Lakini musifikiri ziwa imelala."

Akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Chini ya ziwa Kivu, lenye kwenda chini zaidi ya metre 470, gazi nyingi imefungwa ndani ya maji: kilometre za ujazo karibu 300 za gazi kaboniki, na karibu 60 za metane, ile inayoweza kuwaka. Upande wa Rwanda wanaivuta ile metane wapate umeme. Lakini ziwa moja dogo la Cameroun, linaloitwa Nyos, lilitapika gazi yake usiku mmoja wa mwezi wa nane 1986, na watu karibu 1 700 wakafa bila kelele, pamoja na ng'ombe wao.

"Na juu ya inchi," akasema, "tuko na mazuku. Ni upepo mubaya unatoka mu mawe. Ni muzito kuliko hewa, unajikusanya mu mabonde. Mutu mukubwa anapita, hasikie kitu. Mbuzi inapita, inaanguka. Mutoto anachezea pale chini, hainuke tena. Haina rangi, haina harufu."

Kijana wetu, ambaye tangu asubuhi hakusema hata maneno kumi, akainua kichwa. "Hata kwetu iko," akasema.

Mwongozi akamuuliza: "Kwenu wapi?"

"Mu mashimo. Tunashukaka na bujia. Pale bujia inazimika, unapanda mbio, hauchukue hata pele. Rafiki yangu alisema ni upepo tu umeizima. Akawasha tena. Hakupanda."

Alitaja jina la rafiki yake. Msomaji, nililijua jina lile. Nilimzika kijana yule mimi mwenyewe, mwezi wa tano mwaka ule ule. Watu wa nyumba yake waliniambia ni homa ya ghafula, nami niliandika "homa" katika kitabu cha kanisa, nikahubiri habari ya Mungu anayewaita wapendwa wake. Wale vijana sita waliobeba sanduku walijua. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyeniambia, na niliona pale juu ya mawe kwamba walikuwa na sababu ya kutoniambia.

Mwongozi hakumpa mashauri. Alimweleza tu ya kwake. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, moto ukashuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Nyumba ya baba yake ilifunikwa yote, wakaona tu ncha ya mti wa avoka. "Tulingojea jiwe ibaride, tukajenga tena juu yake. Unisikie, mudogo wangu: kukaa karibu na hatari si zambi. Tungeenda wapi? Lakini kukaa karibu na hatari na kukataa kusema jina lake, hiyo ndiyo inauwa."

Fungu la mwindaji

Tulikula saa sita chini ya mti: sambaza za kukaanga na ndizi. Zile sambaza nazo si za asili ya Kivu. Zilitolewa katika ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo zinalisha watu wa pande zote mbili za ziwa. Vijana walimwomba mzee wa Tanga aendelee na habari ya nyangumi.

Alisema kwamba watu waliwinda nyangumi hasa kwa ajili ya mafuta yake. Kabla ya petroli, taa nyingi za Ulaya na Marekani ziliwaka kwa mafuta hayo, na mashini za viwanda vyao zilipakwa hayo hayo zisikwaruzane. Katika karne ya 19 meli za Wamarekani zilitoka miji kama Nantucket na New Bedford, zikazunguka dunia miaka mitatu ao minne, na nyingine zilitua Zanzibar kuchukua maji na chakula. Mmarekani mmoja, J. Ross Browne, alitumika juu ya meli ya namna hiyo, akashukia Zanzibar, na mwaka wa 1846 akatoa kitabu kueleza namna mabaharia walivyoteswa.

"Lakini sikilizeni namna walivyolipwa," akasema. "Hawakuwa na mshahara wa mwezi. Kila mtu alipewa fungu la mali yote itakayopatikana. Kapteni fungu kubwa. Kijana mgeni wa kazi aliweza kupewa fungu moja katika mia na sabini na tano, ama moja katika mia mbili. Sasa, kijana huyo nguo zake zikichanika, ananunua wapi? Melini. Tumbaku? Melini. Viatu? Melini, kwa bei ya mwenye meli. Yote yanaandikwa katika kitabu cha mwenye meli. Wakirudi nyumbani, wanapiga hesabu. Wako waliorudi baada ya miaka mitatu hawana kitu mkononi."

Kijana wetu aliweka sahani chini. Akauliza: "Na kama deni inapita fungu?"

Mzee akamtazama. "Basi, mwanangu, wengi walikuwa wanarudi baharini tena."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma: "Ni miye huyo."

Pale pale akaanza kusema. Patro alimpa pioshi, tochi, viloba vya unga, na feza kidogo siku mama yake alipougua. Kila kitu kiliandikwa kwa bei ya patro, na kile cha franka elfu kumi sokoni kiliandikwa elfu kumi na tano ao ishirini. Madini yakipanda, patro ndiye anayepima uzito kwa kilo yake, na ndiye anayepima tenere kwa mashini yake, wao wakiwa inje. Miezi kumi na minne alichimba. Hakujua kama deni linapungua ao linaongezeka. Alijua tu kwamba halijaisha.

Nilitaka kukasirika. Nilitaka kusema: huyo mtu ni nani, nitamwendea! Lakini mdomo ulikauka, kwa sababu alipotaja jina la patro wake, lilikuwa jina la bwana yule aliyetoa mabati sitini ya kanisa letu. Mimi mwenyewe nilimwita mbele ya watu, nikamshukuru, tukapiga makofi. Na siku moja, kwa ombi lake, nilikwenda nikasali kwenye kinywa cha shimo, ili Bwana abariki kazi ya mikono.

Nyangumi hakuponyeshwa na petroli

Nilipofika nyumbani nilitafuta kusoma zaidi. Nilifikiri kwamba petroli ilipochimbwa kule Pennsylvania mwaka wa 1859, taa zikabadilika mafuta, nyangumi akapumzika. Sivyo. Watu waliwaza matumizi mengine: sabuni, margarini. Wakatengeneza meli za motere na chusa chenye baruti. Katika karne ya 20 peke yake waliuawa nyangumi wakubwa karibu milioni tatu, wengi kuliko wale wa siku za taa. Mwaka wa 1982 mataifa yalikata shauri la kusimamisha uwindaji wa biashara, na shauri hilo likaanza kazi mwaka wa 1986, ijapokuwa inchi chache hazikulifuata.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu nasikia watu wakisema: "Kobalti ikiisha, ao bei ikianguka, vijana watarudi masomoni." Wenzetu, tusijidanganye. Kongo inatoa karibu asilimia sabini ya kobalti yote ya dunia, na dunia inaitaka kwa betri za simu na za motokari. Sisi ni wale wale wa mafuta ya taa: giza liko kwetu, mwanga uko kwao. Lakini kitu kimoja kikiisha, kingine kinatafutwa, na yule aliyezoea kuandika deni la mwenzake atapata kalamu nyingine. Si jiwe linalomfunga kijana. Ni kitabu ambacho yeye hakisomi.

Nilisoma pia habari ya kisiwa kingine cha volkano, kinachoitwa Pico, cha inchi ya Portugal, katikati ya bahari ya Atlantika. Mlima wake una metre 2 351. Watu wake waliwinda nyangumi kwa mashua za makasia mpaka miaka ya 1980, na nyangumi wa mwisho aliuawa kule mwaka wa 1987. Walikuwa na walinzi waliokaa katika vibanda juu ya milima, wakitazama bahari siku nzima. Mlinzi akimwona nyangumi anapumua, anatoa alama, mashua zinatoka. Leo kuna walinzi wanaokaa katika vibanda vile vile, wakitazama bahari ile ile, wakiita kwa redio. Lakini mashua zinazotoka zinabeba wageni wanaolipa ili wamwone nyangumi akiwa mzima. Macho ni yale yale, kazi imegeuka. Habari hiyo ilinipa moyo, maana kijana aliyechimba si mtu aliyepotea. Anajua mawe, anajua hewa, anajua kutumika na wenzake gizani. Ujuzi ule ni wake, si wa patro.

Kurudi Buluo

Katika ndege ya kurudi tulifungua kayé mpya. Upande mmoja kijana aliandika yote aliyopokea, kadiri alivyokumbuka. Upande wa pili aliandika viloba vyote alivyotoa. Hata tulipohesabu kwa bei ndogo ya patro, deni lilikuwa limeisha miezi mitano iliyopita. Aliitazama ile kayé muda mrefu, akaifunga, akaiweka chini ya shati lake.

Nilikwenda kumwona yule bwana. Alinikaribisha kwa heshima, akaagiza sukari ya chupa. Nilipomwonyesha hesabu, hakukasirika. Alisema: "Pasta, mabati ulipokea. Haukuniomba kitabu siku ile."

Nimehubiri miaka mingi, sikupata hata siku moja hubiri fupi kama lile. Sikuwa na jibu. Nilirudi, nikaita wazee wa kanisa, nikawaambia yote: mabati, maombi ya shimoni, na neno "homa" nililoliandika. Walinyamaza muda mrefu. Mzee mmoja akasema tusifungue jambo hili, kwani mtoaji ni mtoaji. Mama mmoja wa kikundi cha wajane akasema: "Mvua ikinyesha juu ya yale mabati, mimi nitasikia nini?" Tukakata shauri kuyalipa. Ilituchukua mwaka mmoja na miezi minne, kwa maandazi ya akina mama na matofali yaliyofyatuliwa na vijana. Yule bwana alipokea feza, na siku ya malipo ya mwisho akafungua kitabu chake mbele yangu, akapiga mstari juu ya jina la mtoto wetu. Jamaa mbili ziliacha kuja kanisani. Hazijarudi.

Kijana alirudi katika mwaka wa tano, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye, wakamcheka. Alipata diplome yake mwaka wa 2022. Leo anafanya kazi ya sudere katika garaje, hapa hapa Likasi. Sisemi kwamba yote yamekwisha. Wakati wa likizo feza ilipopunguka alirudi shimoni mara mbili, na mimi nilijua. Lakini alishuka na bujia yake, na kayé yake mwenyewe.

Yule mwongozi wa Goma tulikuwa tunaandikiana. Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipotapika tena na moto kusimama karibu na uwanja wa ndege, alinitumia neno: "Tuko wazima." Mwezi wa kwanza 2025 Goma ilipochukuliwa na M23, nilimpigia simu mara nyingi. Hakujibu. Ninamtaja katika maombi kila siku, pamoja na nyumba ile iliyojengwa mara ya pili juu ya jiwe.

Kwako, msomaji

Wewe kijana unayechimba: mimi sikai katika nyumba yako, sijui jikoni mwenu kuna nini, kwa hiyo sitakutupia mawe. Nakuomba mambo mawili. Bujia ikizimika, panda. Usiwashe tena ili ujaribu. Na ununue kayé, hata ile ndogo kabisa. Andika unachopokea na unachotoa, siku ile ile, kwa mkono wako. Kama hujui kuandika, mdogo wako wa masomo akuandikie.

Wenzangu wachungaji: tukiletewa mabati, tuulize habari ya kitabu. Na tukiletewa maiti ya kijana, tuulize wale waliobeba sanduku.

Na wewe baba, mama, yaya uliye na kijana nyumbani: leo jioni, chakula kikiisha, umuulize swali moja tu, lile nililoshindwa kumuuliza wangu: "Unadaiwa nini, na nani?" Kisha unyamaze. Asipojibu leo, muulize tena kesho kwa sauti ile ile. Wangu alihitaji kuvuka inchi nzima na kukaa juu ya mdomo wa mlima uliokufa ndipo aseme. Wako pengine atasema pale pale kwenye mbao ya meza yenu.